Ndege kuukuu nyuma ya nyumba: ya kujua kabla hujatoa arbuni

Shemeji yangu, mume wa dadangu mkubwa, amekuwa fundi wa ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa zaidi ya miaka thelathini. Baada ya kustaafu alinipigia simu usiku mmoja akaniambia amepata ndege. Nikamuuliza anasafiri wapi. "Sisafiri," akasema. "Ndege yenyewe. Bodi ya DC-3. Nataka niilaze nyuma ya nyumba hapa Kitengela, niifanye chumba cha Mama."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka, kicheko kikanikwama. Huyo Mama ni mamangu mzazi. Tangu babangu atangulie mbele ya haki, anakaa peke yake ghorofa ya pili kule Kibokoni, na ngazi zile za kizamani, na magoti yasiyomtii tena. Tulikuwa tumekubaliana ahamie kwa dada. Nyumba ya dada ina vyumba vitatu na watoto wanne, na chumba cha nne kilikuwa kijengwe kwa kiinua mgongo cha shemeji. Sasa sehemu ya kiinua mgongo hicho ilikuwa imeshatoka mfukoni, imekuwa arbuni ya ndege.

Wiki iliyofuata nikapanda treni ya asubuhi, ile inayosimama kila kituo, nikashuka Athi River na kuchukua matatu hadi Kitengela. Nilikwenda kugomba. Nilirudi na daftari limejaa. Na kwa kuwa tangu nilisimulie jambo hili barazani nimeshaulizwa na watu kadhaa, mmoja wao akiwa na shamba Kikambala na ndoto kama ya shemeji, naona heri niyaandike niliyojifunza mahali pamoja.

Tuanze na ndege yenyewe. DC-3 iliruka mara ya kwanza Desemba 17, 1935, huko California. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa za jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na wazee wetu waliijua kwa jina la Dakota. Shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, lilizitumia miaka mingi katika safari za humu kwetu. Mama mwenyewe aliwahi kupanda moja kwenda Unguja arusini, akiwa msichana. Anachokikumbuka ni kwamba alipoingia mlangoni alipanda kama mlima hadi kufikia kiti chake.

Kumbukumbu yake ni sahihi. Ndege hii ina gurudumu dogo mkiani na makubwa mawili mbele, kwa hivyo ikisimama chini pua inatazama mbinguni, na sakafu inainama kwa zaidi ya digrii 10. Kitanda ukikiweka humo, mlalaji ataamka yuko miguuni pa godoro. Ili sakafu ilale sawa ni lazima mkia unyanyuliwe juu ya nguzo. Lakini mlango wa abiria uko nyuma, karibu na mkia. Ukinyanyua mkia na mlango unapanda. Yaani tulikuwa tunamtoa Mama kwenye ngazi za Kibokoni tumpeleke kwenye ngazi za Kitengela. Nilipomwambia shemeji hivyo alinyamaza muda mrefu. Miaka thelathini amezipanda ndege hizo na sanduku la vyombo mkononi, na hilo halikumpitikia.

Wazo lenyewe si la wendawazimu, na wala si la kwake peke yake. Kule Marekani, katika mji mdogo wa Benoit, jimbo la Mississippi, mama mmoja aitwaye Jo Ann Ussery alipoteza nyumba yake kwa dhoruba ya barafu mwaka 1994. Akanunua bodi ya Boeing 727 kwa dola 2,000, akaihamishia kwenye ardhi yake kando ya maji, akaitengeneza kwa gharama ya jumla isiyofika dola 30,000. Beseni la kuogea aliliweka katika chumba cha rubani. Akaishi humo miaka kadhaa. Nchi hiyohiyo, karibu na Hillsboro, Oregon, mhandisi Bruce Campbell alilipa dola 100,000 mwaka 1999 kwa ndege ya aina hiyohiyo ya 727, akailaza msituni kwake, na gharama zake zote zikapita dola 200,000. Ndege aina moja, ila mmoja ametumia mara saba ya mwenziwe. Ukisikia bei ya bodi, bado hujasikia bei ya nyumba.

Kwingineko ndege kuukuu zimekuwa biashara. Katika uwanja wa Arlanda, Stockholm, Boeing 747 ya mwaka 1976 ilifunguliwa kuwa hoteli mwaka 2009. Kosta Rika wana 727 ya mwaka 1965 juu ya nguzo msituni, nayo ni chumba cha wageni. Accra waliichukua DC-10 ya shirika lao la zamani wakaifanya mkahawa, pembeni mwa uwanja wa ndege. Hapa jirani, ufuo wa Aero Beach kule Entebbe una mabodi ya ndege yaliyopangwa mchangani, na familia huenda kupigia picha. Wenye hoteli wana mgeni wa usiku mmoja au mbili, anayelipa kwa sababu ya mastaajabu. Bikizee wa kulala humo kila siku, na kuamka usiku mara tatu kwenda chooni, ni hesabu nyingine.

Haya, Kitengela. Aliyefika miaka ishirini iliyopita akirudi leo atapotea. Ile mbuga iliyokuwa njia ya nyumbu na pundamilia kutoka Hifadhi ya Nairobi kwenda kusini imekatwakatwa ploti, ukuta kwa ukuta. Ni mahali ambapo watu hawaogopi kujenga vitu vya ajabu. Kule ukingoni mwa hifadhi yupo Nani Croze, msanii wa vioo, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amejenga vibanda vya kuba na sanamu kwa vioo vya chupa na vyuma vilivyotupwa. Mbele zaidi, upande wa Kajiado, kuna uwanja binafsi wa Orly ambako wenye ndege ndogo wameziweka karibu na makazi yao. Kwa hivyo ndege kwenye uwanja wa mtu Kajiado haimshtui mtu. Kinachoshtua ni kamba ya kupimia.

Tulipima, mimi na shemeji na mwanawe wa kwanza, Jumamosi baada ya chai. Ploti yake ni ile ya kawaida ya Kenya, hamsini kwa mia kwa futi, yaani karibu mita 15 kwa mita 30. DC-3 ina urefu wa mita 19 na nusu na ushei, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 29. Mabawa yakiwepo, ingebidi jirani wote wawili wapewe bawa moja moja. Bila mabawa, bodi peke yake ingekula theluthi mbili ya urefu wa ploti ambayo tayari ina nyumba, tangi la maji, shimo la choo na mwembe ambao dada hataki uguswe. Kijana akasema, "Abu, labda tuiweke nyumba ndani ya ndege." Babake hakucheka.

Shemeji ana ekari moja nyingine, alinunua zamani mbele ya Isinya kwenye njia ya Kajiado. Huko nafasi ipo tele. Lakini huko hakuna dada, hakuna zahanati ya karibu, na maji ni ya kununua kwa lori. Nikamuuliza kama chumba ni cha Mama au ni cha ndege. Najua nilimwumiza, ila mtu wa nje ya ndoto ndiye anayeweza kuuliza swali kama hilo.

Kuna jambo la mabawa ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Bawa la DC-3 limeundwa vipande vitatu. Vile viwili vya nje vinafunguliwa bolti vikatoka. Kile cha katikati, kinachobeba injini na magurudumu, kimeshikana na bodi yenyewe, na ni kipana kuliko barabara inavyoruhusu lori la kawaida. Basi ama uombe kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, wenye barabara kuu, pamoja na gari la kukutangulia, ama ukate. Kutoka Wilson hadi Kitengela ni safari fupi tu, lakini inapita Mombasa Road, penye vivuko vya waenda kwa miguu juu na nyaya za umeme kando. Kreni unaikodi mara mbili, ya kupakia na ya kupakua, na ya kupakua ndiyo ghali kwa sababu inabidi ifike nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba hakuna njia. Shemeji alikuwa amepanga ipitishwe juu ya paa la nyumba. Dada alisikia hilo siku hiyo mbele yangu, kwa mara ya kwanza. Kumbuka yule mama wa Mississippi: ndege yake haikuharibiwa na mvua wala jua, iliharibika ilipoanguka kutoka kwenye lori ikihamishwa.

Udongo nao. Kitengela sehemu kubwa ni udongo mweusi wa kunata. Wakati wa mvua unavimba, wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono. Wajenzi wa kule huuchimba wote wakautoa hadi kufikia murami au mwamba, ndipo wakamwaga zege. Watu hudhani ndege ni nyepesi kwa hivyo haihitaji msingi. Ni kweli DC-3 tupu ina uzito wa tani 8 hivi, na injini zikitolewa hupungua zaidi. Lakini ugumu wa ndege uko katika mbavu zake maalumu. Uzito wake ulikusudiwa kusimama juu ya magurudumu na kubebwa na mabawa, haukukusudiwa kulala kwa tumbo. Ukiilaza juu ya mawe popote utakapo, bati linabonyea. Na nguzo moja ikizama udongo ukilainika, bodi nzima inajipinda, milango inakataa kufunga na ribiti zinaanza kuvuja maji. Inatakiwa kitanda cha chuma, kilichochongwa kufuata duara la tumbo, kiguse pale palipo mbavu, na kati ya chuma na aluminiamu utie mpira.

Usisahau upepo. Tambarare za Athi zina upepo wa alasiri usiozuiwa na kitu, na ndege, hata kongwe, haijasahau kazi yake. Yenye mabawa lazima ifungwe kwa minyororo ardhini.

Sasa karatasi, na hapa ndipo arbuni ilipozama. Ndege si kama friji kuukuu. Imesajiliwa kwa KCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na ina mwenyewe, na huyo mwenyewe huenda anadaiwa kodi ya maegesho ya miaka. Ndege nyingi zilizolala Wilson, na kule Lokichoggio zilikobaki tangu siku za misaada ya Sudan, zimelala kwa sababu ya madeni au kesi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege imewahi kutoa notisi za kupiga mnada zilizotelekezwa, na mnada wa namna hiyo ndiyo njia safi kabisa ya kununua. Ukinunua kwa mtu, dai vitu vitatu: ushahidi kwamba yeye ndiye mwenyewe, barua kwamba ndege imefutwa kwenye sajili, na barua ya uwanja kwamba haina deni na inaruhusiwa kutoka langoni. Kisha kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na milingoti ya umeme, na tangu hapo polisi wa barabarani wana jicho kali. Lori lenye nusu ya ndege bila karatasi halifiki Mlolongo.

Shemeji alikuwa hana hata moja kati ya hizo tatu. Dalali alikuwa mtu wanayejuana, akala yamini karatasi ziko njiani. "Wewe ungemwamini?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, ningemwamini, na nilikuwa nasema kweli. Tulimfuata Jumatatu. Akatupa chai, akatupa habari za mjomba wake mgonjwa. Ndege hakutuonyesha. Ilituchukua mwezi mzima wa simu, na kuingia kwa Ramadhani, kupata nusu ya arbuni. Nusu nyingine tumeiandikia dawa.

Na hata karatasi zikikamilika, kuna kaunti. Kajiado, kama kaunti nyingine zote, inataka ramani na kibali kabla hujaweka jengo la kukaa watu, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Wengine hudai ndege si jengo kwa kuwa haikujengwa pale. Nilikwenda na shemeji ofisini, na ofisa aliyetupokea, kijana mwenye adabu, alisema maneno mawili: mtu akilala ndani, ni nyumba. Alitaka kuona msingi, maji taka yanakwenda wapi, na umbali kutoka ukuta wa jirani. Sioni kosa lake.

Kuna sumu pia, na hili nawaomba mlisome pole pole, hasa wenye vijana wa jua kali wanaopenda kazi za namna hii. Ndani ya ndege za zamani, nyuma ya yale mapambo, bati limepakwa rangi ya kijani-manjano ya kuzuia kutu. Ina kromati. Ikikaa ilivyo haina neno. Ukiipiga msasa mkavu, vumbi lake ni la saratani. Inatakiwa kulowesha, barakoa ya maana, si kitambaa, na watoto wawe mbali. Saa na mita za ndege za wakati wa vita nazo zilipakwa namba kwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao umeshakufa siku nyingi, mionzi bado. Watu huzing'oa wakazipanga kabatini kama mapambo, mtoto akaja akakwaruza. Shemeji anajua hayo yote kwa moyo, na alipoyaeleza niliona mtu aliyekuwa akiheshimiwa pale Wilson. Matangi ya mafuta yaliyoko ndani ya bawa hubaki na mvuke miaka mingi. Fundi wa kuchomelea asikaribie mpaka yameoshwa na kupepetwa.

Tukaja kwenye kuishi kwenyewe. Bati la ndege ni jembamba kuliko sufuria nzuri. Kitengela iko juu, zaidi ya mita 1,500, mchana jua linachoma na usiku wa Julai ni baridi ya kuvaa koti ndani ya blanketi. Ndani ya aluminiamu utaungua saa nane na kuganda saa nane nyingine. Alfajiri pumzi ya mlalaji hugeuka matone kwenye dari, yakamdondokea usoni. Dawa yake ni kujaza kati ya mbavu kwa pamba ya kioo au povu, juu yake plaiwudi, na nje kuweka paa la mabati lililosimama mbali kidogo na mgongo wa ndege ili hewa ipite katikati. Ukifanya hivyo ndege haionekani tena kutoka juu, jambo linalowauma wapenda picha. Madirisha ya ndege hayafunguki, kwa hivyo utatoboa matundu ya hewa, na usitoboe ovyo ukakata ubavu. Ielekeze mashariki na magharibi ili jua lipige pua na mkia, lisipige ubavu mzima. Kwetu Waislamu hiyo ina faida nyingine: kibla huku ni kaskazini, kwa hivyo safu ya jamaa inapangika kwa urefu wa ndege. Kwa upana isingewezekana, maana ndani ni mita 2 na kidogo tu.

Umeme uogope. Nyumba ya mawe, waya ukichubuka, ukuta haukuui. Nyumba ya aluminiamu waya ukichubuka ukagusa bodi, nyumba nzima ina moto wa umeme, na anayegusa mlango akiwa ametoka kutawadha miguu imelowa ndiye wa kwanza. Nyaya zote zipite ndani ya bomba la plastiki, bodi ifungwe waya mnene hadi kwenye nondo ya ardhini, na kuwe na swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Fundi awe mwenye leseni. Hapa sitaki maneno ya "shemeji anajua umeme", na shemeji mwenyewe hakutaka.

Choo kiwe nje ya bodi, kwenye zege lake. Sakafu ya ndege haipendi maji ya kila siku. Yanapenya chini, yanakaa tumboni mahali usipopaona, yanakula bati polepole.

Hilo linanirudisha kwa yule bwana wa Kikambala na wengine wa kwetu Pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu. Mnisamehe. Kajiado ina kitu kimoja ambacho sisi hatuna, nacho ni ukavu. Aluminiamu ya ndege inastahimili jua, ila hewa ya chumvi inaiingia kwenye ribiti, na pale bolti ya chuma inapogusana na aluminiamu, chumvi ikiwa katikati, zinalana kama betri. Bati linavimba, linatoka unga mweupe, ukilibonyeza kidole kinapita. Mtu wa Kikambala atakuwa akiosha ndege kwa maji baridi na kuipaka nta maisha yake yote. Kama analo soko la wageni wa kulipa, afanye. Kama ni chumba cha mtoto, asifanye.

Na kuna jambo ambalo nililisema Kitengela nikaonekana mchawi. Kontena la futi ishirini lina upana wa ndani wa mita 2.35. DC-3 ndani ni karibu upana huohuo, na kuta zake zimepinda, kabati halikai. Makontena yanatoka hapa kwetu bandarini, yana ngozi ya chuma nene, yanasimama kwenye pembe nne, yanabebwa na lori lolote, na Kitengela imejaa maduka na vyumba vya makontena. Kwa anayetafuta chumba na chumba tu, hesabu imekwisha hapo. Anayetafuta ndege anatafuta kitu kingine, na haki yake, mradi ajue kwamba hicho kitu kingine ndicho anacholipia.

Shemeji alikitaka hicho kitu kingine. Nilikuja kuelewa siku tulipokuwa tukitoka kwa dalali. Aliniambia kwamba miaka yote ile kazi yake ilikuwa kuzitayarisha ndege ziondoke, na hata moja haikuwahi kubaki kwake. Nikaacha kugomba.

Ilivyoishia ni hivi. Chumba cha Mama kilijengwa cha mawe, kimeshikana na nyumba, mlango hauna hata kizingiti cha kujikwaa, choo kiko hatua nne kutoka kitandani. Kilichobaki cha ile nusu ya arbuni, pamoja na fedha kidogo niliyotia mimi, kilinunua kipande cha bodi, mita 5 hivi, kutoka kwa karakana iliyokuwa ikivunja ndege kihalali na ikatupa risiti na barua. Hakina bawa, hakina mkia. Kililetwa na lori la kawaida mchana, kikabebwa na kreni ndogo kupitia kwenye ploti ya jirani ambayo bado haijajengwa, kwa ridhaa yake na kwa kuku wawili. Kimekaa kwenye kitanda cha chuma juu ya zege, chini ya mwembe wa dada, usawa wa kiti, na upande mmoja uko wazi. Ndani shemeji ametia viti vinne asili vya ndege na busati. Umeme hakutia.

Mama huletwa hapo baada ya alasiri. Siku ya kwanza alikagua kuanzia pua hadi mkia, japo hakuna pua wala mkia, akauliza mbona hii haipandi mlima. Shemeji akamwelezea habari ya gurudumu la nyuma kwa urefu, na nguzo, na digrii. Mama akasikiliza yote, akasema, "Basi ungeiacha ivyo ivyo, mwanangu, ningeijua." Wiki iliyopita dada amenitumia picha: shemeji amechimba upande mmoja wa zege na ameweka jeki, anajaribu kukiinamisha kidogo.